Madigadi mepesi yasikuponze, pima kwanza nafasi ya tope

MVUA za vuli zinapoanza, mchuuzi wa samaki anayetoka na baiskeli mwaloni Kayenze au Igombe kwenda vijijini huwa na hofu mbili: samaki kuchafuka na baiskeli kukwama njiani.

Zote mbili zinahusu kifaa ambacho wengi hukinunua bila kukitafakari, nacho ni madigadi.

Wapo wanaoyang'oa kabisa ili kupunguza uzito. Matokeo yake, tairi la nyuma hurusha tope kwenye tenga, na la mbele humwaga maji na mchanga kwenye mnyororo. Dagaa wenye mchanga hushuka bei, na mnyororo uliojaa mchanga huisha mapema.

Madigadi ya chuma, kama yale ya baiskeli za Phoenix, ni imara na yakipinda fundi huyanyoosha. Ubaya wake ni uzito na kutu, hasa kwa anayebeba kayabo, yaani sangara wa chumvi, kwani maji yanayodondoka kutoka kwenye keria hula chuma haraka.

Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma cha ukubwa ule ule, na haipati kutu. Lakini ikitikisika muda mrefu kwenye barabara mbovu hupasuka penye tundu la bolti. Dawa yake ni kuweka washa pana na kukaza nati mara kwa mara.

Plastiki ni nyepesi zaidi na haishiki kutu, ila jua kali huikausha ikapasuka. Ile laini mno hucheza na kugusa tairi. Ibonyeze kwa kidole gumba kabla ya kununua. Ikibonyea ovyo, iache.

Hata hivyo, mnunuzi asivutwe na wepesi peke yake. Kubadili chuma kwa plastiki huokoa takribani nusu kilo, na kwa aliyepakia gunia la kilo 60 tofauti hiyo haionekani mlimani.

Kinachoamua safari ni nafasi. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa mashamba ya mpunga na pamba ya Magu, Misungwi na Kwimba, hunata na kujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma. Hapo madigadi mepesi yaliyobana hayana msaada.

Kwa tairi la inchi 1½, ambalo ni karibu sentimita 4, chagua madigadi yenye upana wa sentimita 5 au zaidi. Kati ya tairi na madigadi, kidole gumba kipite bila kukwaruzwa.

Kagua pia vyuma vya kushikilia. Kimoja cha mbele kikikatika na kuingia kwenye spoku, gurudumu husimama ghafla na mwendeshaji hurushwa. Kisha funga kipande cha tyubu kuukuu chini ya madigadi ya mbele ili kukinga mnyororo na miguu.

Anayepita lami ya Mwanza hadi Musoma anaweza kuchagua madigadi yanayokaa karibu na tairi. Anayeingia mbugani achague yenye nafasi, hata kama ni mazito kidogo, na abebe kijiti cha kukwangulia tope.

Kabla ya kulipa, yafunge, pakia mzigo na uzungushe gurudumu. Likigusa kwenye sakafu kavu ya duka, mbugani halitazunguka.