Mchezaji Anapotaka Kuwa Joka

Kanuni za kwanza za mchezo wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons, zilizotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974, zinamnyima mchezaji hata dadu. Mwamuzi wa mchezo ndiye anayerusha dadu tatu, mara sita, kupima sifa za mhusika: nguvu, akili, hekima, uimara wa mwili, wepesi, mvuto. Umekuja mezani na mchawi msomi kichwani, unakabidhiwa akili 6. Kupata 18 ni bahati ya mara moja katika 216.

Kwingineko, kanuni hizohizo zinafungua mlango mpana ajabu. Mchezaji anaweza kuwa karibu kiumbe chochote, mradi aanze akiwa dhaifu. Anayetaka kuwa joka, na awe joka. Ila ataanza akiwa kinda, apande hatua kwa hatua kama wenzake, kwa ngazi ambazo mwamuzi amezipanga mapema. Nimekirudia kifungu hicho mara nyingi, na sijaona mapatano mazuri kuliko hayo. Mchezaji hakunyimwa ndoto yake. Mwamuzi hakupokonywa ulimwengu alioutunga. Na mpiganaji aliyeketi pembeni hageuki msindikizaji, maana joka lenyewe bado changa.

Mwaka 1979 Gygax, safari hii peke yake, aliwaandikia waamuzi mwongozo. Kwenye dadu alilegeza kamba. Wahusika dhaifu hufa mapema, alieleza, na wachezaji wapya hukata tamaa. Hukata tamaa vilevile wakibebeshwa mhusika asiyewaingia moyoni. Basi zirushwe dadu nne, ndogo itupwe, mchezaji apange namba atakavyo. Kwenye majoka alikaza. Wengi wanaotaka kuwa viumbe wa kutisha, aliona, wanatafuta ubabe tu, na neno la mwisho akamwachia mwamuzi.

Namwelewa, lakini nasikitika. Dawa ya ubabe huo ilikuwa tayari imeandikwa: kinda.

Siku hizi vitabu, kikiwemo Tasha's Cauldron of Everything cha 2020, hushauri kundi likae lizungumze kabla ya kucheza: nani atakuwa nani, na mambo gani yasiguswe. Ushauri mwema. Lakini maelewano ya siku ya kwanza humbana nani mchezo ukishakolea? Joka likikua na wenzake wakaanza kunung'unika, mwamuzi alipunguze makali, au awainue wale wengine? Na mwenye joka ataulizwa, au ataarifiwa?