Kioo cha ubavuni kilichogandishwa kwa gundi: kukitoa na kukirudisha

Vioo vya ubavuni mwa gari ni vya namna mbili. Vya milangoni hupanda na kushuka ndani ya reli, na kikivunjika kimoja fundi hufungua paneli ya mlango, akalegeza bolti na kuweka kingine. Visivyofunguka, kama kile kikubwa kilicho nyuma ya mlango wa kusukuma kwenye Toyota Noah au vile virefu vya HiAce za kuanzia 2004, havishikwi na bolti wala raba. Vimegandishwa kwenye bati la bodi kwa gundi nyeusi ya poliurethani. Magari ya zamani, mathalani Volkswagen Kombi, yalikuwa na raba nene yenye mifereji miwili, mmoja wa kushika kioo na mwingine wa kushika bati. Fundi alikisukuma kioo kutoka ndani kikachomoka na raba yake, kisha akakirudisha kwa kuvuta kamba iliyolazwa ndani ya mfereji. Kioo cha gundi hakitoki hivyo. Gundi ikishakauka huwa mpira mgumu unaonyumbulika kidogo, unaozuia maji na upepo na kuifanya bodi ikaze zaidi.

Kabla ya kugusa chochote ni lazima kujua aina ya kioo. Cha mbele ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati, hivyo kikipasuka hubaki kimeshikana. Cha ubavuni mara nyingi ni kioo kimoja kilichopashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kikapozwa ghafla kwa upepo mkali. Upozaji huo huacha uso wake umejibana na kiini chake kinavutwa, na mivutano hiyo ndiyo inayokipa nguvu. Ikivurugwa mahali pamoja tu, kioo chote humwagika kwa chembe ndogo zisizo na ncha kali. Kwa sababu hiyo hakikatwi wala kutobolewa baada ya kutoka kiwandani. Fundi anayeahidi kupunguza kioo cha gari jingine ili kiingie hawezi kutimiza ahadi yake, isipokuwa aweke kioo cha dirisha la nyumba, ambacho katika ajali hutoa vipande virefu vinavyochoma kama visu. Kioo kikinunuliwa kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika, alama za kwenye kona zilinganishwe na za kioo cha upande wa pili wa gari. AS2 ni kioo kinachopitisha angalau asilimia 70 ya mwanga, AS3 hupitisha pungufu ya hapo. Weusi wa vioo vya nyuma vya magari mengi ya Kijapani umo ndani ya kioo chenyewe, si karatasi ya tinti iliyobandikwa.

Kioo kizima hutolewa pale bodi inapohitaji kunyooshwa au kupakwa rangi, au kutu inapokuwa imeingia chini ya gundi. Kazi huanzia ndani. Paneli za plastiki zinazozunguka kioo huvuliwa, na kwa gari lenye mifuko ya hewa kwenye ukingo wa paa, waya hasi wa betri huchomolewa kwanza na kuachwa dakika kadhaa. Vioo vingine vimechapwa nyuzi za antena au za kuondoa ukungu, na plagi zake huchomolewa kwa mkono, bila kuvuta waya. Vingine vina pini za plastiki zinazopenya kwenye matundu ya bati. Hizo hutafutwa na kulegezwa mapema, kwa kuwa waya wa kukatia hunasa hapo. Kwa nje, rangi inayozunguka kioo hufunikwa kwa tepu ya karatasi, safu mbili au tatu.

Kifaa salama kuliko vyote ni waya mwembamba wa chuma uliosokotwa. Gundi hutobolewa kwa msumari mrefu mahali penye nafasi, mbali na kona, waya ukapitishwa, na kila ncha ikafungwa kwenye kishikio. Mtu mmoja hukaa ndani na mwingine husimama nje, wakivuta kwa zamu kama wanaokata kwa msumeno. Waya hulazwa ukigusa upande wa kioo, usichane rangi ya bati. Ukivutwa kwa kasi hupata moto na kukatika, na gundi iliyoungua hutoa moshi wenye kemikali zinazodhuru mapafu. Ndiyo maana kuilainisha gundi kwa moto, jambo linaloonekana bado kwenye baadhi ya gereji, ni hatari kwa fundi mwenyewe. Kwenye kona mwendo hupunguzwa. Ukingo ndio sehemu dhaifu ya kioo cha aina hii, na bisibisi iliyochomekwa pembeni ili kukibinua inatosha kukimaliza. Kinapoelekea kuachia, mtu wa nje hukishika kwa vishikio vya kunyonya.

Ikiwa kioo kimeshavunjika, chembe hufyonzwa kwa mashine, hasa zile zilizodondokea kati ya bati la nje na la ndani. Zikiachwa hugonga kila gari linapopita kwenye shimo na huweza kuziba matundu ya kutolea maji, kisha kutu ikaanza.

Gundi ya zamani haibanduliwi yote. Hukatwa kwa kisu kikali hadi ibaki tabaka la milimita 1 au 2, kwa sababu gundi mpya hushika vizuri kuliko kote juu ya gundi ya zamani iliyokatwa punde. Mkwaruzo wowote uliofika kwenye chuma hupakwa praima, na kutu husuguliwa hadi chuma king'ae. Hapa ndipo silikoni inapoleta hasara kubwa. Ni rahisi, inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na kwa wiki za kwanza inaonekana kufanya kazi. Ila silikoni yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka, ikala bati lililo wazi. Nguvu yake ya kushika kioo kizito ni ndogo, na mabaki yake huacha utelezi unaoikataa poliurethani. Fundi anayekuja baadaye hulazimika kuyakwangua yote kabla ya kuanza kazi yake.

Kioo nacho kina maandalizi yake. Pindo jeusi lililochomwa kwenye ukingo wake huikinga gundi na jua, maana miale ya jua huichakaza poliurethani ikawa unga. Pindo hilo husafishwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Petroli haifai, kwa kuwa huacha mafuta yasiyoonekana. Kisha hupakwa praima ya kioo na kuachwa ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Baada ya hapo haiguswi kwa vidole.

Kabla ya gundi, kioo hujaribiwa mahali pake kikavu, na vipande vya tepu hubandikwa kuanzia kwenye kioo hadi kwenye bodi, kisha hukatwa katikati. Alama hizo ndizo zitakazokirudisha pale pale mikono ikiwa imejaa gundi. Mdomo wa mrija hukatwa kwa umbo la V ili gundi itoke kama tuta la pembetatu lenye urefu wa milimita 10 hadi 12, lisilokatika popote. Tuta huanzia na kuishia kwenye upande ulionyooka, na miisho yake hukandamizwa ikaungana, kwani uvujaji mwingi hutokea kwenye maungio. Gundi hii hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa utando huanza juu yake mapema, hivyo kioo kiwe tayari mkononi. Katika baridi kavu ya nyanda za juu kukauka huchelewa. Mrija uliopitisha tarehe, au uliokaa dukani kwenye joto, hautumiki.

Kioo kikishawekwa hukandamizwa taratibu pande zote, kikaegemezwa kwenye vigingi vidogo chini na kushikwa kwa tepu, kwa kuwa kinasimama wima na uzito wake hukivuta. Dirisha moja la mlango huachwa wazi kidogo: mlango ukifungwa kwa nguvu gari likiwa limefungwa kote, hewa husukuma kioo kabla gundi haijashika. Gundi hukauka kuelekea ndani kwa takribani milimita 3 kwa siku, kwa hiyo tepu hukaa angalau saa 24 na kuosha gari kwa mashine ya presha husubiri siku mbili. Muda wa kuruhusu gari barabarani hufuata maandishi ya mrija. Paneli za ndani hurudishwa mwisho, baada ya maji ya bomba kumwagwa polepole kuanzia chini kwenda juu, mtu akiwa ndani na tochi. Maji yakipenya, mahali hapo huwekewa alama na kuachwa pakauke kabisa, kisha poliurethani ya aina ile ile husukumwa kwenye mwanya kutoka nje.