CHUMA KIKIVUNJIKA, KIUNGWE VIPI?

Koroboi linavuja. Fremu ya baiskeli imekatika. Plau limepasuka. Tunakwenda kwa fundi, tunasema: "Unga hapa!" Lakini, ndugu msomaji, kuunga chuma kwa moto kuna njia nyingi. Njia ikikosewa, kifaa huvunjika tena. Pengine humdhuru mtu.

1. Kufua
Hii ndiyo njia ya wazee wetu. Mhunzi huvukuta moto wa mkaa mpaka vyuma viwili viwe vyeupe kwa joto. Kisha huvipiga nyundo pamoja, vikashikana.

2. Kulehemu
Hapa kifaa chenyewe hakiyeyuki. Inayoyeyuka ni lehemu tu. Lehemu ya mafundi wengi ni mchanganyiko wa bati na risasi. Huyeyuka kwa joto la nyuzi 190 hivi. Inafaa koroboi. Haifai sufuria! Sufuria ikikaukiwa maji motoni, kiungo huachia. Tena risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Basi usiitie kwenye chombo cha chakula wala ndoo ya maji ya kunywa.

3. Kuunga kwa shaba
Fundi huyeyusha shaba iliyochanganywa na zinki kwa joto la nyuzi 900 hivi. Chuma huyeyuka kwa nyuzi zaidi ya 1,500, kwa hiyo hubaki kizima. Njia hii inafaa fremu ya baiskeli, maana mabomba yake ni membamba.

4. Kuchomelea
Fundi hutumia umeme au gesi. Kingo za vyuma vyenyewe huyeyuka, zikapoa, zikawa kitu kimoja. Inafaa plau na mkokoteni, vitu vya kazi nzito.

Hatari
Usipeleke kuchomelewa pipa lililokuwa na petroli, hata kama limekauka. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka na kuua. Watoto nao wasisimame kutazama mwanga wa umeme wa fundi. Mwanga huo huunguza macho. Usiku huuma kama yameingia mchanga.

Basi, kabla fundi hajawasha moto, mwulize hivi: Utaunga kwa njia gani? Kiungo kitastahimili moto na uzito? Kina risasi? Fundi mzuri hachukii kuulizwa. Na fedha ni yako, afya ni ya watoto wako.