Kiu ya Nyoka wa Syokimau

Je, wajua kwamba nyoka maarufu zaidi wa Ukambani alikuwa na kiu isiyokwisha? Wazee husimulia kuwa Syokimau, mtabiri wa karne ya 19 kutoka vilima vya Iveti, aliona nyoka mrefu akitambaa toka maji makuu hadi maji makuu, akifuka moshi, watu wamejaa tumboni. Nyoka huyo husemwa kuwa ni reli: ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na Desemba 1901 ikafika ziwani, Kisumu.

Utabiri tuuache hapo, tumtazame mnyama mwenyewe.

Garimoshi lilipumua kwelikweli. Maji yakichemka, mvuke wake ukiachwa huru hujaza nafasi mara 1,600 hivi ya ile ya maji. Ndani ya boila umebanwa, hauna pa kwenda ila kusukuma pistoni, nazo zikazungusha magurudumu. Ukishafanya kazi, ulifyatuliwa juu kupitia dohani, na kila mfyatuko ulivuta hewa tanurini, moto ukakolea. Ule mlio wa chu-chu ambao watoto huigiza ndio pumzi hiyo. Ila mvuke uliotoka haukurudi. Kila pumzi ilikuwa maji yaliyopotea, tena katika nchi kame ya Makueni, reli ipitapo Ukambani! Ndiyo maana penye mito na chemchemi, kama Kibwezi na Makindu, ndipo nyoka aliponyweshwa. Makindu ikajaa wafanyakazi wa reli, na Masingasinga waliokuwa wakiabudu chini ya mti wakajenga hekalu mwaka 1926. Hadi leo msafiri yeyote hula hapo bila kulipa.

Aliyekaribia zaidi maono ya Syokimau alikuja kuanzia mwaka 1955: injini 34 za kundi la 59, kazi ya kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester. Kila moja ilikuwa na tani 250 hivi na urefu wa zaidi ya mita 30. Reli ya upana wa mita moja haijapata kubeba injini ya mvuke kubwa kuliko hizo. Mwili wa namna hiyo ungekwama kwenye kona, basi wahandisi wakaupa viungo: seti moja ya magurudumu mbele, nyingine nyuma, na boila ikining'inia katikati. Kila kipande kilipinda kivyake.

Nyoka wa sasa, treni ya reli mpya ya SGR, alianza safari 31 Mei 2017. Husimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Makindu huipita tu. Anatumia dizeli, hana haja ya kunyweshwa. Kitui, sehemu ya Ukambani iliyo ng'ambo ya Mto Athi, hajafika, si wa zamani wala wa leo.

Wawili wa kundi la 59, nambari 5918 na 5930, wamehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Ukienda, usiishie kupiga picha mbele. Zunguka ubavuni, utazame kiungo pale boila inapokutana na tenki la maji.