Nyama Inapotoa Maji

Lalamiko ninalolisikia kuliko yote kuhusu nyama ya kukaanga na mbogamboga ni hili: nimefuata kila kitu kama nilivyoona kwenye video, imetoka ngumu kama soli ya kiatu. Nikiuliza ilikuwaje, maelezo hayatofautiani sana, awe mtu wa Tegeta au wa Chamazi. Nyama nusu kilo imekatwa, mafuta yamepata moto, nyama yote imemiminwa kwa mkupuo. Dakika mbili tu, sufuria imejaa maji ya kijivu na nyama inachemka humo. Mpishi anasubiri maji yakauke. Yanapokauka, nyama imeshakaza, na hoho alizozitia mapema zimelegea.

Watu hudhani kasoro iko kwenye viungo, basi mara ya pili wanaongeza soya sosi. Viungo havihusiki. Video ile ilipigwa kwa ng'ombe mwingine, kwa kisu kingine na kwenye jiko lingine.

Tuanze na ng'ombe. Nyama inayoning'inia kwenye mabucha ya Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Bunju karibu yote ni ya zebu, ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu, ambaye ndiye zaidi ya asilimia 90 ya ng'ombe wa Tanzania. Anatoka Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, anapitia mnada wa Pugu, anachinjwa usiku Vingunguti au kwenye machinjio mengine ya jiji, na kukipambazuka yuko kwenye ndoano ya bucha la mtaani kwenu. Ni mnyama aliyetembea maisha yake yote akifuata majani na maji. Misuli inayofanya kazi namna hiyo hujijengea kolajeni kwa wingi, ile protini inayoshika nyuzi za nyama pamoja, na kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo kolajeni yake inavyozidi kuwa sugu.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Ng'ombe akishachinjwa, vimeng'enya vilivyomo ndani ya misuli, viitwavyo kalpaini, huanza kuzikatakata nyuzi polepole, na ndiyo maana nyama iliyotunzwa siku kadhaa kwenye baridi hulainika yenyewe. Lakini misuli hiyohiyo ina protini nyingine, kalpastatini, inayoizuia kalpaini isifanye kazi, na zebu anayo nyingi kuliko ng'ombe wa asili ya Ulaya. Kwa hiyo nyama yetu inahitaji muda mrefu zaidi wa kulainika, nasi tunaipa muda mfupi zaidi. Huko Ulaya na Marekani mzoga unaweza kukaa kwenye chumba cha baridi wiki moja hata mbili kabla ya kuuzwa. Kwetu aliyechinjwa saa nane usiku analiwa mchana, wakati misuli ndiyo kwanza inakakamaa.

Ukilijua hilo utaacha kuwacheka mama zetu wanaochemsha nyama kwanza ndipo waikaange. Kolajeni ikifika nyuzijoto 60 hadi 65 hujikunja na kukamua maji yaliyomo ndani ya nyama, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Ukiendelea kuipika taratibu ndani ya maji kwa saa moja na nusu au mbili, kolajeni ileile inayeyuka na kuwa ule utelezi mzito wa supu, na nyama inaachia. Nyama huwa laini katika vipindi viwili tu: mwanzoni kabisa, kabla haijajikamua, na mwishoni kabisa, ikishayeyuka. Anayekaanga kwa dakika 15 amesimama katikati, mahali pabaya kuliko pote.

Kukaanga haraka, basi, ni kukimbilia kile kipindi cha kwanza. Kazi yake kubwa hufanyika kabla jiko halijawashwa.

Inaanzia bucha. Muuzaji atakuuliza, "Dada, steki au mchanganyiko?" huku panga liko hewani. Jibu, "Steki, kaka, lakini usinikatie." Atashangaa kidogo, kwa sababu wateja wengi hutaka vipande. Vipande vya bucha hukatwa kwa kasi juu ya gogo, kila kimoja kikielekea upande wake, na ukishaletewa vile huna la kufanya ila rosti. Chukua pande zima. Kama ana fileti au sarara na mfuko unaruhusu, vizuri. Kama hana, pande la paja lisilo na mishipa mingi linatosha kabisa. Kifua, shingo na muundi viache kwenye supu, huko ndiko vinakofaa. Na angalia kama mzoga una mhuri wa mkaguzi; hilo halihusiani na mapishi, ni usalama wa mlaji.

Nyama ukiifikisha nyumbani asubuhi ingali na joto la mnyama, usiitupie kwenye friza. Hili huwashangaza watu, ila sababu yake inajulikana: msuli ambao haujamaliza kukakamaa ukipigwa na baridi kali hujikunja kwa nguvu kuliko kawaida, na ugumu huo hauondoki ukija kuyeyusha barafu. Iweke sehemu ya kawaida ya friji, ndani ya chombo chenye mfuniko, uipike kesho au keshokutwa. Siku mbili hizo kalpaini nayo inapata nafasi ya kufanya kazi kidogo. Asiye na friji, au ambaye umeme wa mtaa wake hauaminiki, aipike siku hiyohiyo, tena ningemshauri aichemshe. Kukaanga haraka kungoje siku nyingine.

Sasa kisu. Tazama pande la nyama kwa karibu, utaona nyuzi zimelala upande mmoja. Ukikata kwa kuzifuata, kila kipande kinabaki na nyuzi ndefu ambazo meno ndiyo yatakayozikata. Ukizikata kwa kuzikingama, kisu kimeshaifanya kazi hiyo. Kwa zebu tofauti yake ni kubwa kuliko kiungo chochote unachoweza kununua. Unene uwe kama wa sarafu mbili zilizopangwa pamoja, usizidi. Nyama laini inateleza kisuni, kwa hiyo iweke kwenye friza nusu saa tu, ikaze kidogo bila kuganda (hapa ilishapoa na kukaa, kwa hiyo baridi hiyo haina madhara). Na kisu kinolewe. Kitako cha kikombe cha udongo, pale pasipo rangi, kinanoa vizuri.

Wembamba huo una faida nyingine. Watanzania wengi hawali nyama yenye wekundu ndani, nami siwalaumu: minyoo aina ya tegu huingia mwilini kupitia nyama ya ng'ombe isiyoiva. Kipande chembamba kinaiva hadi katikati ndani ya dakika mbili kikiwa bado hakijajikamua.

Kulainisha kuna njia nyingi na si zote zinafaa hapa. Wachoma mishkaki wa pwani hupaka papai bichi lililosagwa, na hawajakosea. Papai lina kimeng'enya kiitwacho papaini kinachovunja protini, na tangawizi mbichi nayo ina cha kwake, cha upole zaidi. Ila vipande vyembamba vikikaa na papai saa nzima vinageuka uji kwa nje. Dakika 15 zinatosha, kisha futa.

Mimi napendelea bikaboneti ya soda, ile ya vipakiti ya kuumulia keki. Nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama, na maji vijiko viwili, changanya kwa mkono, acha dakika 15 hadi 20. Uchachu wa asidi kwenye uso wa nyama unapungua, protini zinashindwa kubanana sana zikipata moto, na maji yanabaki ndani. Kisha suuza vizuri, maana ikibaki utaisikia ulimini. Magadi tunayotia kwenye maharage na mlenda ni ya ukoo huohuo, lakini ni makali zaidi na hayapimiki, hivyo yaache huko. Yale ya kutengenezea sabuni hayaingii jikoni kabisa.

Ndimu ndiyo nitakayogombana nayo. Tumezoea kuosha nyama kwa ndimu, na kwa samaki sina neno. Kwa nyama ya kukaanga haraka, ndimu kidogo ya mwanzoni inaisukuma asidi ya nyama kufikia kiwango ambacho protini hushika maji kidogo kuliko wakati wowote. Ndiyo kusema unaisaidia nyama itoe maji. Ibane mwishoni, sahanini.

Hatua ambayo karibu kila mtu huiruka ni kukausha. Nyama iliyosuuzwa inatoka na maji, na maji hayavuki nyuzijoto 100 hata ukoleze moto vipi. Ile rangi ya kahawia yenye harufu inayofanya jirani aulize mnapika nini hupatikana kwa kasi kuanzia kama nyuzijoto 140. Mpaka maji yote ya juu yaishe, nyama haikaangiki. Ikamue kwa kitambaa safi mpaka ishike vidole, halafu nyunyizia kijiko kimoja cha wanga wa mahindi, kijiko cha mafuta na kijiko cha soya sosi. Wanga unafanya ngozi nyembamba inayozuia majimaji.

Tufike kwenye jiko. Majiko ya mahoteli ya Kichina, ambako mapishi haya yana asili yake, hutoa moto mara nyingi zaidi ya jiko la nyumbani. Jiko letu la mtungi wa kilo 6, lile linalofungwa juu ya mtungi, halina ubavu huo, hasa likiwa uwani ambako upepo unapeperusha nusu ya moto. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo ndilo jiko ambalo wengi watazidi kuwa nalo. Ni zuri kwa mapishi ya dakika chache, maana unazima mara moja. Ila likingie upepo. Kwa ukali wa moto peke yake, mkaa uliokolea bado unaushinda mtungi mdogo. Waulize wauza chipsi. Ubaya wake ni kwamba hupunguzi wala kuongeza unapotaka.

Jiko dhaifu tunalifidia kwa chombo na kwa subira. Sufuria nyepesi ya aluminiamu hupoa mara nyama baridi inapoigusa. Tumia kikaango kizito au karai la chuma, kama la maandazi, ulibandike likiwa tupu dakika tatu nzima. Kisha mafuta. Alizeti ya kukamua tunayobeba barabarani kutoka Singida ni tamu, lakini haijasafishwa, nayo hutoa moshi na povu mapema. Hapa tumia mafuta yaliyosafishwa.

Weka theluthi moja tu ya nyama. Itandaze, kisha uache mwiko. Sekunde 40 bila kuigusa ni ndefu kwa mpishi aliyezoea kukoroga, lakini ukikoroga unaipoza. Geuza, sekunde 30 nyingine, toa kwenye sahani. Subiri karai lipate moto tena, weka theluthi ya pili. Nusu kilo inaisha kwa awamu tatu bila kuona tone la maji ya kijivu.

Mboga ni rahisi zaidi. Karoti na hoho za Lushoto, kabichi, kitunguu, chainizi: zote zinafaa, mradi zimekaushwa baada ya kuoshwa. Karoti inatangulia kwa sababu inachelewa kulainika. Kitunguu na hoho vinafuata, kabichi na majani ya chainizi mwisho, na kitunguu saumu na tangawizi vinaingia dakika moja kabla ya kuipua, la sivyo vinaungua na kuwa vichungu. Nyanya usitie. Najua kuna nyumba ambazo hazijawahi kubandika sufuria bila nyanya, lakini nyanya karibu yote ni maji, nasi tumehangaika tangu bucha kuyaepuka maji. Bamia na nyanya chungu nazo zina mapishi yake.

Rudisha nyama pamoja na majimaji ya sahanini, mimina robo kikombe cha maji yaliyokorogewa kijiko kidogo cha wanga na vijiko viwili vya soya sosi, geuza mara tatu nne mpaka mchuzi ung'ae na kushika. Chumvi onja kwanza, soya inayo ya kutosha. Zima, bana ndimu.

Ugali au wali uwe umeshaiva kabla hujabandika karai. Chakula hiki hakina kiporo kizuri: ukikipasha moto unarudisha nyama kwenye zile dakika 15 za katikati. Kama nyumbani kuna mtu aliyekwama kwenye foleni ya Mbagala Rangi Tatu, usimfunikie sahani. Mwachie fungu lake likiwa bichi kwenye friji, nyama iliyokwisha kulainishwa na kukaushwa kwenye bakuli moja, mboga zilizokatwa kwenye jingine. Akivua viatu ndipo unapowasha jiko, na kabla hajamaliza kuoga kitakuwa mezani.