Baharia wa nyuklia akishuka pwani huanza upya

Na Mwandishi Wetu

Tumekuwa tukiulizwa suala moja na wazee wenzetu walioko Marekani, wale ambao vijana wao wamejiunga na Jeshi la Majini la nchi hiyo na kuchaguliwa kuendesha vinu vya nyuklia ndani ya nyambizi na manowari za kubeba ndege. Mkataba ukimalizika, huko uraiani atafanya nini? Jawabu wanayopewa ni kuwa mitambo ya umeme wa nyuklia inamsubiri kwa mikono miwili. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya habari.

Kijana wa upande huu hutia saini miaka sita, na sharti awe raia wa Marekani. Mwenye kadi ya kijani anaweza kupokewa jeshini, lakini mlango huu kwake umefungwa. Husomeshwa Goose Creek, karibu na Charleston, South Carolina: ufundi wake kwanza, kisha miezi kama sita ya hesabu, fizikia na kemia, halafu miezi mingine kama hiyo akijifunza kwenye kinu chenyewe kikiwa kinawaka. Hapo ndipo hupelekwa chomboni. Mtu wa miaka 22 anakuwa amekwisha kukaa zamu usiku wa manane mbele ya kinu, chini ya bahari. Skuli gani ya uraiani itampa hayo?

Isitoshe, kinu cha jeshi na cha umeme ni ndugu. Nyambizi ya Nautilus iling'oa nanga kwa nguvu za nyuklia Januari 1955. Mtambo wa umeme wa Shippingport, Pennsylvania, ulianza kazi mwaka 1957, na aliyesimamia vyote viwili ni afisa yule yule, Hyman Rickover.

Ama nusu ya pili ni hii. Baharia anaposhuka pwani, vyeti vya jeshi havimruhusu kugusa swichi hata moja. Leseni hutolewa na Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani, NRC, na hutolewa kwa mtambo maalumu, si kwa kazi kwa jumla. Wengi huanza chini, bila ya leseni, wakizunguka na tochi kukagua pampu na vali. Wakichaguliwa, hurudi darasani kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, kisha hufanya mtihani wa maandishi, ambao chini ya asilimia 80 ni kufeli, na mwingine wa vitendo. Sisi waandishi tuliokimbia makwetu tunaijua hali hiyo: ufundi unao kichwani, karatasi yake haitambuliki.

Hata hivyo, ugumu huu una sababu, na sababu kubwa ni Three Mile Island, huko huko Pennsylvania. Tarehe 28 Machi 1979, alfajiri saa kumi, mtambo wa pili ulizimika ghafla. Waendeshaji waliokuwa zamu chumbani walikuwa wote wamepitia nyuklia ya Jeshi la Majini. Vali moja iliyofunguka kupunguza presha haikufunga tena, na maji yakawa yanamwagika. Taa ya mezani iliwaonesha kuwa amri ya kufunga imetumwa. Haikuonesha kama vali imefunga kweli.

Tangi linalodhibiti presha lilionesha maji yanapanda. Jeshini walifundishwa wasiliache tangi hilo lijae hata siku moja. Wakafanya walivyofundishwa: wakapunguza maji ya dharura, ilhali kinu kilikuwa kinakauka. Kinu cha umeme ni kikubwa mno kuliko cha nyambizi, na joto linalobaki ndani baada ya kukizima ni kubwa vile vile. Karibu nusu ya kiini chake iliyeyuka.

Hatusemi kuwa mabaharia wale ndio wa kulaumiwa. Mafunzo ya uraiani nayo yalisisitiza jambo hilo hilo, na mwaka 1977 vali kama ile ilikwama wazi kwenye mtambo wa Davis-Besse, Ohio, bila ya somo lake kuwafikia wenzao. Baada ya ajali, makampuni yaliunda chombo cha kusimamia ubora wa uendeshaji, INPO. Na nani akawa mkuu wake wa mwanzo? Eugene Wilkinson, nahodha wa kwanza wa Nautilus. Yaani walirudi jeshini kutafuta dawa.

Kazi zipo. Mwaka 2024 kampuni ya Constellation ilitangaza mpango wa kuuwasha upya mtambo wa kwanza wa Three Mile Island, uliokuwa umefungwa mwaka 2019. Asiyetaka chumba cha kuongozea ana matengenezo, vipimo, au ulinzi dhidi ya mionzi.

Tuliowajibu tumewaambia jambo moja zaidi: kijana aulize mtambo anaouomba ni wa aina gani. Takriban theluthi moja ya vinu vya umeme vya Marekani huchemsha maji ndani ya kinu chenyewe, na mvuke huo huo ndio unaozungusha mashine za kufua umeme. Katika nyambizi aliyotoka hakuna kinu cha namna hiyo.