Joto la Garissa na wazee wa mjini: kwa nini "wamezoea" si jibu

UZI. Ni mrefu kidogo, vumilia.

Msimu wa siasa ukikaribia, midahalo ya huku kwetu hufuata njia moja: usalama, ukame, vitambulisho, barabara, walimu. Halafu kijana mmoja kule nyuma anainua mkono, anauliza mpango gani upo wa joto, hasa kwa wazee. Mgombea anacheka: "Watu wa Garissa wamezoea." Ukumbi mzima unacheka naye. Hata mimi nilikuwa nacheka, mpaka Machi 2024.

Ilikuwa Ramadhani. Ayeeyo, nyanya yangu, anaishi na sisi hapa town kwenye nyumba ya mabati, paa mabati, ukuta mabati. Sheikh wa mtaa alikuwa amemwambia wazi kwamba mgonjwa wa umri wake ana ruhusa ya kutofunga, atoe fidya. Akakataa. Saa nane mchana stima ikapotea. Saa kumi nikamkuta amekaa kitandani, ngozi kavu na ya moto kama sufuria, ananiita kwa jina la mjomba wangu aliyefariki kitambo. Tukamkimbiza hospitali, akawekewa maji, akapona alhamdulillahi. Karatasi aliyopewa ya kwenda nyumbani ilikuwa na neno moja: presha.

Weka hilo neno akilini, tutalirudia.

Kwanza hili la kuzoea. Lipo kweli. Mwili wa mtu wa Garissa unahimili joto ambalo lingemlaza mtu wa Limuru. Lakini mazoea yana mwisho, na umri unayapunguza. Mzee hatoki jasho kama kijana, moyo wake unalazimika kufanya kazi ya ziada kupeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe, na kiu yake haimwambii ukweli. Anaweza kuwa amekaukiwa na maji kabisa na bado akakuambia hana haja ya kunywa. Ongeza vile vidonge vya presha vinavyomfanya mtu akojoe mara kwa mara, ndo basi. Mzee akianza kuchanganyikiwa maneno mchana wa joto, usiseme ni uzee. Hiyo ni dharura: mtoe kwenye joto, mmwagie maji, mpepee, mpeleke hospitali.

Halafu, wamezoea joto gani? Ayeeyo alikulia kwenye aqal, nyumba ya mikeka na fito ambayo upepo unapita, chini ya mti, na mahali pakiwa pabaya mnahama. Hili joto la mabati, linaloingia asubuhi na usiku linakataa kutoka, amekutana nalo uzeeni. Hayuko peke yake. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, mifugo ikaisha, na familia nyingi zikaja kujenga pembeni ya mji. Kwa hivyo tuna wazee wa malishoni wanaoishi mjini, mahali ambapo Februari na Machi joto hupita nyuzi 35 bila mtu kushangaa.

Wanajisaidiaje? Mtaani kwetu wanaume wazee wako afadhali. Baada ya adhuhuri wanabaki msikitini, sakafu ya vigae, feni juu, maji ya kutawadha pale pale. Wengine wako chini ya mwarobaini na chai yao. Nyanya zetu wanabaki nyumbani, karibu na jiko. Usiku wale wenye ua uliozungushiwa ukuta wanatandika mkeka nje na chandarua. Asiye na ua, au anayeogopa wezi, analala ndani ya oveni. Hakuna mgombea nimemsikia akigusa hili la nyanya na jiko.

Sasa turudi kwa lile neno presha. Agosti 2003 joto kali liliua takriban watu 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee. Chicago, Julai 1995, zaidi ya 700 kwa siku chache, wengi wakiwa wazee waliokaa peke yao na madirisha yamefungwa. Walijuaje? Walilinganisha vifo vya siku hizo na vya miaka ya kawaida. Sisi mzee akifia nyumbani tunamzika siku hiyo hiyo, kama dini inavyotuelekeza, na chifu anaandika alichoambiwa: presha, moyo, uzee. Sisemi tubadilishe mazishi. Nasema vifo hivyo vinaweza kuhesabiwa kwa wiki, vikalinganishwa na miaka iliyopita, bila kumgusa maiti yeyote.

Ukame una wenyewe. Mamlaka ya kukabiliana na ukame, NDMA, hutoa ripoti kila mwezi kwa kila kaunti kame: hali ya mifugo, umbali wa kufuata maji, kipimo cha mkono wa watoto wa chini ya miaka mitano. Ni kazi nzuri, na imeokoa watu. Lakini tafuta humo mzee wa miaka 75 kwenye chumba cha mabati. Mbuzi ana safu yake kwenye jedwali, yeye hana. Na kisichohesabiwa hakiingii kwenye bajeti.

Jambo la pili linalochanganya watu kwenye midahalo ni stima. "Tuna mtambo mkubwa wa sola hapa Garissa, mbona token ni ghali?" Mtambo upo, ulizinduliwa Desemba 2019, una uwezo wa megawati 50 hivi. Lakini umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa, na bei inapangwa Nairobi na EPRA, moja kwa nchi nzima. Gavana akikuahidi kushusha bei ya token, anakuahidi kitu ambacho si chake.

Hesabu ni hii. Bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani, tangu mabadiliko ya 2023, ni kwa anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 16 kwa siku inakula karibu uniti 29. Feni moja tu! Washa taa, chaji simu, umeshatoka kwenye kundi la maskini. Mtu wa Nyandarua hahitaji hiyo feni, ila kipimo chetu ni kimoja. Mexico wanapanga bei za nyumbani kulingana na joto la eneo. Sehemu za joto kali zina nafasi kubwa zaidi ya uniti za bei nafuu. Tarifa zetu hupitiwa kila miaka mitatu na maoni ya umma huitishwa. Hilo ni swali la mbunge na seneta.

Swali la gavana ni lingine. Maji na zahanati ni za kaunti, Jedwali la Nne la Katiba liko wazi. Kule Ahmedabad, India, baada ya joto la 2010 kuua watu wengi, mji ulitengeneza mpango mwaka 2013: tahadhari kwa simu, mafunzo kwa wahudumu wa afya, baadaye kupaka paa za maskini rangi nyeupe. Chokaa tunayo. Wahudumu wa afya wa mitaani tunao, wanajua kila nyumba yenye mzee. Mpango wa joto je?

Na pesa. Inua Jamii ni Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Kitambulisho cha ayeeyo kinasema alizaliwa 1 Januari 1958, tarehe ya kukisiwa na karani, kama wazee wengi huku. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967. Fanya hesabu mwenyewe: kwa kitambulisho chake, alizaa akiwa na miaka tisa au chini. Kwa serikali bado hajafika 70. Agizo la Februari 2025 la kuondoa upigaji msasa linamsaidia kijana anayetafuta kitambulisho kipya. Halirekebishi umri wa ayeeyo.

Mdahalo ujao nitakuwa ukumbini. Nimemwambia ayeeyo naye aje, akasema kwanza niulize kama ndani kuna feni.